Wiski za dunia na lira-lira ya Koboko: kinachozitenga ni sheria na subira

Na Mwandishi Wetu, Koboko

Koboko ni mji wa mipaka mitatu. Barabara ya lami ya kilomita 92 inayoanzia Vurra, ikapita jijini Arua na kuishia Oraba, inakatiza hapa kabla ya kuingia Kaya upande wa Sudan Kusini. Ukigeuka magharibi, safari fupi tu inakufikisha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Wakakwa, ambao ndio wenyeji, wana ndugu katika nchi zote tatu, na sokoni shilingi ya Uganda hukutana na pauni ya Sudan Kusini, faranga ya Congo na dola ya Marekani.

Katika mji wa namna hii, rafu ya duka la vinywaji ni kama ramani. Juu kabisa zimepangwa wiski za Scotland na Ireland. Chini yake zipo za Marekani na Afrika Kusini. Zinafuata chupa zinazotengenezwa ndani ya Afrika Mashariki, zikiwamo Bond 7 na Uganda Waragi. Kinywaji kinachonywewa zaidi vijijini hakimo kabisa katika rafu hiyo. Hicho huuzwa kwa jerikeni na kupimwa kwa bilauri, nacho ni lira-lira.

Wakazi wengi wa Koboko ni Waislamu na hawagusi kileo, na wapo Wakristo wengi wanaokikataa vilevile. Makala haya hayamshawishi yeyote kuanza. Hata hivyo, kwa wale wanaokunywa, na kwa wazazi, wauguzi na watunga sheria wanaoishi na matokeo yake, swali linalobishaniwa mezani lina uzito kuliko linavyoonekana. Wiski ya nchi gani ni bora, na kwa nini?

Kila anayelijibu hutaja nchi anayoipenda kama anavyotaja timu ya mpira. Ukichunguza kwa makini, utakuta kwamba wiski ya nchi moja hutofautiana na ya nchi nyingine kwa mambo matatu: nafaka iliyotumika, muda uliokaa pipani na sheria inayomlazimisha mtengenezaji kusema kweli. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoitenga wiski ya Scotland na lira-lira ya Koboko. Maumbile ya vinywaji hivyo viwili yanakaribiana kuliko watu wanavyodhani.

Inavyotengenezwa

Wiski ni pombe ya nafaka iliyokenekwa, yaani iliyochemshwa hadi mvuke ukapanda, kisha mvuke huo ukapozwa na kurudi kuwa maji makali. Nafaka huloweshwa na kuachwa ichipue ili iwe kimea, ikasagwa, ikachanganywa na maji moto, ikatiwa hamira na kuchachuka. Mtu yeyote wa West Nile aliyewahi kumwona mama akiandaa kwete anazijua hatua hizo za mwanzo bila kufundishwa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba wiski inapotoka kwenye mtambo haina rangi. Ni nyeupe kama maji, na inaunguza koo sawasawa na lira-lira iliyotoka jikoni jana. Rangi ya dhahabu, utamu wa mbali na harufu ya viungo huingia baadaye, kinywaji kikiwa kimelala kwenye pipa la mti wa mwaloni. Ikishatiwa kwenye chupa, wiski huacha kukua. Chupa ya miaka 12 iliyokaa kabatini miaka mingine 20 inabaki kuwa ya miaka 12.

Nchi kwa nchi

Sheria ya Scotland inataka wiski ikenekwe na kuzeeshwa hukohuko Scotland, kwenye pipa la mwaloni, kwa muda usiopungua miaka mitatu, na isishuke chini ya asilimia 40 ya kileo. Lebo ikitaja umri, umri huo ni wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa ndani. Ndiyo maana Johnnie Walker Black Label huandikwa miaka 12, ilhali Red Label haitaji umri wowote. Sheria hiyohiyo inaruhusu kuongeza rangi ya sukari iliyounguzwa, kwa hiyo weusi wa kinywaji hauthibitishi umri. Katika kisiwa cha Islay, kimea hukaushwa kwa moto wa mboji kavu inayochimbwa ardhini, na moshi wake hukaa ndani ya kinywaji hadi mwisho. Ukinusa Laphroaig au Lagavulin utakumbuka samaki wa kubanikwa, na baadhi ya watu watakumbuka dawa ya hospitali.

Ireland nayo inadai miaka mitatu pipani. Jameson, ambayo ndiyo inayojulikana zaidi kwetu, hukenekwa mara tatu badala ya mara mbili kama ilivyo desturi katika sehemu kubwa ya Scotland. Kila mzunguko hupunguza ukali na harufu nzito, na matokeo yake ni kinywaji laini kisicho na moshi. Anayeionja wiski kwa mara ya kwanza huona wepesi kuanzia hapo.

Marekani ina bourbon. Kwa sheria, nafaka yake lazima iwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51, na pipa lazima liwe jipya na liunguzwe kwa moto upande wa ndani. Hairuhusiwi kutiwa rangi wala ladha. Kwa kuwa pipa la bourbon hutumika mara moja tu, mengi ya mapipa hayo huuzwa Scotland, Ireland na kwingineko yakatumika tena. Mahindi pamoja na pipa lililounguzwa huleta ladha ya vanila na asali nzito, inayofanana na asali yetu ya West Nile iliyorinwa mwishoni mwa kiangazi. Katika jimbo la Tennessee, Jack Daniel's huchujwa kwanza kwenye mkaa wa mti. Aliyemfundisha Jack Daniel kazi ya kukeneka ni Nathan Green, aliyejulikana kama Nearest, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa. Kwa zaidi ya karne moja jina lake lilibaki pembeni, na ni mwaka 2016 tu ambapo kampuni yenyewe ilianza kulitaja wazi.

Japani ilijifunza kwa kusafiri. Mwaka 1918 kijana aitwaye Masataka Taketsuru alikwenda Scotland kusoma. Aliporudi alifanya kazi na Shinjiro Torii katika kiwanda cha Yamazaki, kilichoanzishwa mwaka 1923. Zaidi ya miaka tisini baadaye, mwandishi Mwingereza Jim Murray aliitaja wiski moja ya Yamazaki kuwa bora duniani katika kitabu chake cha mwaka 2015. Sifa ilipokuja, udanganyifu nao ulikuja: baadhi ya chupa zilizoandikwa maneno ya Kijapani zilikuwa na wiski iliyonunuliwa nje. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Watengenezaji wa huko waliweka kanuni mpya mwaka 2021, zikaanza kutumika kikamilifu mwaka 2024. Kanuni hizo zinataka wiski ikenekwe nchini Japani na ikae pipani miaka mitatu.

India ndiyo inayokunywa kinywaji kinachoitwa wiski kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote. Sehemu kubwa ya kinywaji hicho hutokana na molasi ya miwa, si nafaka, na Umoja wa Ulaya haukitambui kuwa wiski. Lakini India hiyohiyo ina Amrut ya Bangalore, wiski ya shayiri iliyoingia sokoni mwaka 2004 na kuheshimiwa na waonjaji wa Ulaya. Jina la nchi, kwa hiyo, halitoshi kukuambia kilichomo ndani ya chupa.

Afrika Kusini ndiyo jirani yetu katika kazi hii. Kiwanda cha James Sedgwick kilichopo Wellington, karibu na Cape Town, hutengeneza Three Ships na Bain's. Bain's hutokana na mahindi yanayolimwa Afrika Kusini, na mwaka 2013, kisha tena mwaka 2018, ilitangazwa katika tuzo za World Whiskies Awards kuwa wiski bora ya nafaka duniani. Yalikuwa mahindi ya Afrika, yaliyokenekwa na kuzeeshwa Afrika, nayo yakashindanishwa na mataifa yenye karne kadhaa za uzoefu.

Chaguo langu

Msomaji ana haki ya kuuliza mwandishi anasimama wapi. Mimi naiweka Bain's nafasi ya kwanza, na sababu si uzalendo wa bara peke yake. Ni laini, ina utamu wa mahindi ya kuchoma yaliyopakwa asali, na haihitaji soda kuificha. Nafasi ya pili naipa wiski ya Ireland kwa upole wake. Ya tatu ni wiski ya moshi ya Islay, lakini kwa kiasi kidogo sana na kwa nadra, kwani baada ya kijiko cha pili ulimi hauonji tena kitu kingine.

Bourbon naiheshimu kuliko ninavyoifurahia, maana utamu wake huniwahi kunichosha. Kuhusu Johnnie Walker, ambayo mezani Koboko huwa ni alama ya heshima zaidi ya kuwa kinywaji, maoni yangu ni kwamba Black Label inastahili jina lake. Wengi wanaonunua Red Label, hata hivyo, wananunua picha ya yule mtu anayetembea. Anayetaka kuonja tofauti azinywe bila soda wala vinywaji vya kuongeza nguvu, atie matone machache ya maji safi, anuse kwanza, kisha aonje kidogo. Soda huzifanya zote zifanane.

Chaguo la Bain's ndilo lililonirudisha kwenye swali la nyumbani. Kama mahindi ya Afrika yanaweza kutoa wiski ya kushinda dunia, kwa nini muhogo, ulezi na mtama wa eneo hili vinatoa kinywaji kinachofichwa chini ya kaunta?

Jasho la chungu

Afrika Mashariki haikosi pombe ya kukenekwa. Kenya ina chang'aa, Tanzania ina gongo, Rwanda na Burundi zina kanyanga, Congo ina lotoko, Sudan Kusini ina siko na Uganda ina waragi ya kienyeji, iliyokuwa ikiitwa enguli na sasa lira-lira, kwa jina la mji wa Lira. Nchi hizo zote ni wanachama wa Jumuiya moja, na ufundi wa pombe hizi unafanana sana.

Neno waragi lenyewe lina historia inayogusa eneo hili. Wapo wanaodai lilitokana na maneno ya Kiingereza kuhusu jini ya askari wa vita. Maelezo yenye nguvu zaidi yanalifuata hadi Kiarabu, ambako araki ni pombe iliyokenekwa na neno lenyewe linahusiana na jasho. Askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Emin Pasha, ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891 na ambao uzao wao ndio Wanubi wa Uganda na Kenya, walikuwa wakizungumza aina ya Kiarabu, na Kinubi bado husikika Koboko na Arua. Anayetazama matone yakichuruzika kwenye bomba anaelewa mara moja kwa nini liliitwa jasho.

Huku kwetu muhogo husagwa, ukachanganywa na kimea cha ulezi au mtama, na ukaachwa uchachuke kwa siku kadhaa. Kisha hupikwa kwenye pipa la chuma juu ya kuni, na mvuke hupitishwa katika bomba la shaba lililozamishwa kwenye maji baridi. Wapo wanaotumia sukari au molasi badala ya nafaka. Kazi hii kwa sehemu kubwa ni ya wanawake, na fedha zake hulipa karo, hununua chumvi na sabuni, na humpeleka mtoto zahanati. Anayezungumzia kuifuta lira-lira kwa amri moja ya polisi hana budi kueleza karo hiyo itatoka wapi.

Scotland nayo ilipika kwa kificho

Wapo wanaodhani wiski ilizaliwa na lebo ya dhahabu. Kumbukumbu ya kwanza ya maandishi huko Scotland ni ya mwaka 1494, inayomtaja mtawa John Cor aliyepewa kimea ili atengeneze maji ya uzima kwa amri ya mfalme James wa Nne. Kwa karne nyingi zilizofuata, wakulima walipika milimani na mabondeni, wakakwepa ushuru, wakazika mitungi na kuwakimbia maofisa wa serikali. Mtu wa Koboko akisoma habari hizo, hatapata shida kuielewa hali yao.

Mabadiliko yalikuja kwa Sheria ya Ushuru ya mwaka 1823. Serikali iliweka ada ya leseni ya pauni 10, ikapunguza ushuru kwa kila galoni na kumfanya mpishi mdogo aone faida ya kuwa halali. George Smith wa Glenlivet alichukua leseni mwaka 1824. Wenzake waliobaki katika magendo walimchukia kiasi kwamba alitembea na bastola mbili kiunoni. Miongo michache baadaye, biashara ya kificho ilikuwa imepungua sana.

Hata sharti la miaka mitatu pipani halikutoka kwa mababu. Liliwekwa na serikali ya Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1915 na 1916, ili kuzuia pombe changa na kali isiuzwe kwa wafanyakazi. Kanuni iliyokusudiwa kudhibiti ulevi ndiyo iliyoipa wiski ya Scotland ubora inaojivunia leo.

Uganda iliwahi kujaribu njia ya namna hiyo. Katika miaka ya 1960 ilipitishwa sheria ya enguli, iliyowataka wapishi wa vijijini wawe na leseni na waiuze pombe yao kwa kiwanda, ambako ilikenekwa upya na kuwa Uganda Waragi. Wazo lilikuwa zuri: mkulima ana soko na mnywaji ana usalama. Baadaye vita na uchumi ulioporomoka uliukata mnyororo huo. Chupa ya kiwandani ikaendelea na safari yake, na jerikeni ya kijijini ikaachwa peke yake.

Makaburi yasiyo na kanuni

Gharama ya kuachwa huko inahesabika kwa makaburi. Mwaka 2010 watu wapatao 80 walikufa kusini magharibi mwa Uganda, hasa Kabale, kwa pombe iliyochanganywa na methanoli. Mwezi Agosti 2022 msiba ulifika West Nile. Katika Arua na Madi-Okollo zaidi ya watu kumi walifariki baada ya kunywa kinywaji kilichouzwa kama jini yenye ladha ya nanasi, na mamlaka zikaamuru kiondolewe sokoni. Mwezi Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga nchini Kenya, watu 17 walikufa kwa pombe haramu.

Tukio la Arua lina somo kali zaidi kwa sababu kinywaji kile hakikupikwa kwenye chungu cha mama wa kijijini. Kilikuwa na jina na kilikuja kwa njia ya biashara. Lebo peke yake haimlindi mtu. Kinachomlinda ni mkaguzi aliyekipima kinywaji kabla ya kuuzwa.

Methanoli ni ndugu wa ethanoli, kileo cha kawaida, na huwezi kuitambua kwa ladha, kwa rangi wala kwa harufu. Uchachukaji wa nafaka huizalisha kwa kiasi kidogo. Misiba mikubwa kwa kawaida hutokea pale mtu anapoongeza kemikali ya viwandani ili apate ukali kwa bei nafuu. Mwilini hubadilika kuwa sumu inayoshambulia neva za macho. Dalili zinaweza kuchelewa kwa saa 12 hadi 24: kichwa kuuma, kutapika, tumbo kukaza, kuona ukungu, kisha upofu na kifo. Imani kwamba moto wa buluu huthibitisha usalama ni ya kupotosha. Aliyekunywa na kuanza kuona ukungu apelekwe hospitali mara moja, kwa kuwa tiba ipo na kila saa inayopotea hupunguza nafasi yake ya kupona.

Serikali za eneo hili zimechukua hatua, ila kila moja kwa wakati wake. Kenya ilihalalisha chang'aa kwa masharti mwaka 2010, ikitaka iwekwe kwenye chupa za kioo zisizopungua mililita 250. Tanzania ilipiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Uganda iliviondoa vifuko mwaka 2019 na kuweka kipimo cha chini cha mililita 200. Hatua hizo zilimkinga mtoto wa shule aliyekuwa akificha kifuko mfukoni. Jerikeni ya lira-lira haikuguswa, na pale mpaka unapovukwa kwa baiskeli kwa dakika chache, marufuku ya nchi moja huwa ni soko la nchi ya pili.

Kabla ya kufungua chupa

Kwa mnunuzi wa Koboko, Arua au Ariwara, tahadhari chache zinafaa. Kagua alama ya ubora ya UNBS au ya shirika la viwango la nchi ilikotoka, pamoja na stempu ya kodi. Tazama kama kizibo kimewahi kufunguliwa, maana chupa tupu za wiski ghali hukusanywa na kujazwa upya. Soma neno kwa neno: kinywaji chenye ladha ya wiski ni kitu tofauti na wiski. Chupa ya wiski ya Scotland inayouzwa kwa bei ya waragi inapaswa kukutia shaka kabla haijakutia tamaa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Jumuiya inaweza kufanya nini

Tangu Julai 2022 vinywaji vya kileo ni miongoni mwa bidhaa zilizowekwa kwenye ngazi ya ushuru wa forodha wa asilimia 35 vinapotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa maneno mengine, Jumuiya imejenga ukuta wa kulinda bidhaa za ndani. Lakini ukuta unaolinda viwanda vikubwa tu, na kumwacha mpishi wa muhogo nje ya mlango, haujamaliza kazi.

Kinachohitajika si kigeni. Kwanza, vikundi vya wanawake vipewe njia rahisi na nafuu ya leseni, kama ada ile ya mwaka 1823, na kila wilaya iwe na kituo cha kupima na kukeneka upya pombe yao. Pili, viwango vya mashirika ya UNBS, KEBS, TBS na wenzao viandikwe kwa lugha anayoielewa mpishi, na Kiswahili kinaweza kufanya kazi hiyo kuanzia Oraba hadi Mtwara. Tatu, majina ya mahali yalindwe. Uganda ina Sheria ya Viashiria vya Kijiografia tangu mwaka 2013, na hakuna sababu kwa nini isije ikalinda lira-lira ya West Nile kama Scotland inavyolinda jina la wiski yake.

Suala la pipa nalo lisitutishe. Kule Scotland pipa hupoteza kiasi cha asilimia mbili za kinywaji kwa mwaka, huku kwenye joto la Bangalore likipoteza asilimia kumi na zaidi. Joto hilo hula kinywaji, lakini pia huharakisha kazi ya mti, na ndiyo maana Amrut hukomaa mapema. Hali ya hewa ya West Nile iko karibu na ya Bangalore kuliko ya Glenlivet. Mapipa yaliyotumika ya mwaloni huuzwa duniani, na muhogo upo shambani.

Kuna hoja nzito upande wa pili, nayo isipuuzwe. Uganda ni miongoni mwa nchi zinazoongoza Afrika kwa unywaji, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha kileo kisicho na hatari kwa afya. Kuhalalisha kunaweza kuongeza ulevi kama hakukufuatana na udhibiti wa saa, umri na bei. Familia zilizovunjika kwa pombe zipo katika kila kijiji, na viongozi wa dini wa Koboko wana haki ya kusema hivyo kwa sauti. Lakini hali ya sasa haijapunguza unywaji. Kinachopatikana kwayo ni kinywaji kisichopimwa, kisicholipa kodi, na kisicho na mtu wa kuwajibika siku watu wanapokufa.

Basi mjadala wa mezani uendelee, na kila mtu abaki na chupa aipendayo. Anayetetea Scotland ajue anatetea sheria ya mwaka 1823 na sharti la mwaka 1915, na anayetetea Japani ajue anatetea kijana aliyekubali kujifunza ugenini kisha akarudi kwao. Nchi hizo hazikuwa na nafaka bora kuliko ya wakulima wa Koboko. Zilikubali kuuandika ufundi wa wapishi wao, kuupima, kuulipia haki na kuusubiri. Hapa mpakani, kazi ya kuandika na kupima bado haijaanza, na wanaoilipia ni wale wanaokunywa bila kujua kilichomo kwenye bilauri.